Sufuria ya Meja

Kabla hajamsalimia mtu, Okinyi alifunua sufuria. Aliushika mfuniko kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya kwa mkia, akainamisha pua yake ndani ya mvuke, kisha akauweka mfuniko chini, upande wa ndani ukilalia vumbi. Atim, mwenye sufuria, aliyaona mafuta yakigandamana na udongo. Ilikuwa saa nne asubuhi, Alhamisi, mabati ya Kyebando yameanza kulia kwa joto, na majirani wote walikuwa milangoni wakichambua mchele usio na mawe.

"Mama Docus, hii ndiyo chakula ya mbwa?"

"Ndiyo, bwana Okinyi. Ya Meja."

"Yote?"

"Yote. Mapafu, nyama ya kichwa, na posho ya mahindi. Kama kila siku."

Okinyi alikuwa supavaiza wa kampuni ya ulinzi alikoandikwa Okwera, mume wa Atim, kazi ya kushika mbwa. Zamani mbwa walipikiwa kule kule ofisini Bukoto, lakini jiko lile lilivunjwa ili magari yapate pa kuegesha. Tangu hapo kila mshika mbwa aliletewa nyama mbichi nyumbani alfajiri, ndani ya kavera, mfuko mweusi wa plastiki unaovuja damu, na mke wake ndiye aliyepika. Mume akabeba sufuria hadi kazini, kwenye lango la ghala la mchele, akaifungua mbele ya mbwa saa saba kamili. Mwisho wa mwezi mke alipewa pesa kidogo ya makaa. Ya sabuni hakupewa, na harufu ya mapafu yaliyochemka ilikaa katika nguo, katika nywele, hata katika godoro.

Meja mwenyewe alikuwa pale uani, amefungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ulimi nje. Mbwa mkubwa wa kizungu, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya majani makavu. Okwera alitumikia polisi miaka kumi na minane asivuke ukonstebo, na huko walimzoeza kwamba mbwa lazima awe na cheo kumpita mshika mnyororo wake. Ndiyo maana alimwita Meja, na walinzi wenzake walipopita walimpigia mbwa saluti, Okwera wakampigia kelele tu.

Sasa Meja alikuwa ameanguka mara tatu katika wiki mbili, mbele ya lango, mbele ya mwenye ghala. Mara ya kwanza walinzi walisema wezi wamemtilia sumu. Wakamshika taya wakammiminia maziwa, mayai mabichi na mafuta ya kupikia, maana ndivyo wanavyofanya siku zote mbwa akianguka. Maskini, alikohoa mafuta siku mbili. Mara ya pili wakammiminia tena. Mara ya tatu mwenye ghala akasema hataki kulindwa na mbwa anayezimia kama bibi harusi. Jumatatu ile Meja akarudishwa, akaletwa akae kwa Okwera, na kwa kuwa hakuna mwizi aliyeonekana wala sumu, ilitafutwa sababu iliyo karibu zaidi. Njaa ilikuwa karibu; ikasemwa nyumba inayompikia inampunja.

"Mtoto yuko wapi?" Okinyi akauliza.

Docus alikuwa na miaka tisa, na shule zilikuwa zimefungwa. Akatoka ndani na kitabu chake mkononi, akapiga magoti kusalimia kama alivyofundishwa.

"Jana jioni ulikula nini, kasichana?"

Docus akamtazama mama yake. "Posho na dodo."

"Dodo tu? Fungua mdomo."

"Bwana Okinyi," Okwera alisema. Alikuwa amesimama mikono imenyooka mapajani, kama yuko paredi.

"Nimesema afungue. Kama hakuna kitu, kitu haitaonekana."

Mtoto akafungua. Okinyi akainama hadi pua yake ikakaribia meno ya Docus, akanusa. Akavuta pumzi mara mbili, polepole, kama mnunuzi wa samaki. Kisha akatoa mfukoni kijiti cha kuchokolea meno, chake mwenyewe, ncha moja imetafunwa, akakiingiza kinywani mwa mtoto, huko nyuma kwenye magego. Docus akafumba macho. Kijiti kilipotoka kilikuwa na uzi mwembamba ncha yake, labda wa nyama, labda wa shina la dodo, ule mchicha. Okinyi akauinua juani, akaukunja katika karatasi ya risiti, akautia mfuko wa shati.

Mlango wa pili mtu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Naapa mbele ya Mungu na mbele ya huyu mtoto," Okwera alisema, na sauti yake ilikuwa ya juu kupita kawaida. "Nyumba hii haijaonja chakula cha Meja. Hata mchuzi."

"Kuapa si kazi yangu, mzee. Jumatatu saa tatu uje ofisini. Kama ni njaa, utaandika ni njaa. Kama ni kitu ingine, lete karatasi ya dakitari. Kwa pesa yako."

Akatoka akipangusa vidole kwenye ukuta wao.

Atim aliokota mfuniko. Aliuosha mara tatu, kwa majivu, kwa sabuni, kwa maji ya moto, na bado alihisi kichefuchefu kimemkaa kooni. Kichefuchefu cha Okinyi kilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa yake mwenyewe.

*

Kwa sababu ule uzi ulikuwa wa nyama, na Atim aliujua ulikotoka.

Alianza mwezi wa pili, siku nesi wa shule alipowageuza watoto kope na kusema kope za Docus ni nyeupe kama karatasi, damu hakuna, apewe nyama na maini. Apewe! Kama vile nyama inakaa kwenye kabati ikingoja kukumbukwa. Kesho yake alfajiri lile kavera lilipofika, Atim alichagua vipande viwili vya nyama ya kichwa, vile visivyo na ngozi. Akavisugua kwa chumvi, akavichoma manyoya yaliyobaki juu ya sigiri, akavichemsha peke yake katika kisufuria cha chai. Tangu hapo ikawa kila Jumatano na kila Jumamosi. Atim alimwambia Okwera ni ya soko la Kalerwe, imepungua bei kwa kuwa ni ya jioni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuionja. Alipofikiria kwamba imelala usiku kucha pamoja na mapafu, ndani ya damu ile, na kwamba mbwa anaitazama kwa macho yake makubwa huku inakwenda kwenye sahani ya mtu, alitema mate kando ya sigiri. Lakini kope za Docus zilianza kurudisha wekundu.

Sasa alijiuliza swali moja tu, usiku na mchana. Vipande viwili, mara mbili kwa wiki, vinaweza kumwangusha mbwa mkubwa namna ile? Kama vinaweza, basi mume wake ameapa uongo bila kujua, na atafukuzwa kazi kwa mkono wa mke wake.

"Tumpeleke kwa dakitari," akamwambia Okwera jioni ile.

"Kwa pesa gani?"

"Iko ya viatu vya Docus."

Okwera akamgeukia. "Viatu vya mtoto tumpe mbwa?"

"Si mbwa tunampa. Tunampa Okinyi karatasi."

Okwera alikwenda akachuchumaa kando ya Meja, akamwekea kiganja ubavuni. Jumanne alikuwa amemwona akianguka hapo hapo uani. Atim alikuwa ameinua mfuniko, ukagonga ukingo wa sufuria, kang'! Meja akaruka, akazunguka mara moja kwa furaha, miguu ya nyuma ikaisha, akalala ubavu. Ulimi ukawa mweupe. Hakutupa miguu wala hakutoa povu. Alizimika tu, kama redio iliyoishiwa betri, na kabla mtu hajahesabu ishirini alikuwa amesimama tena, anawatazama kwa aibu.

*

Nabangala, dakitari wa wanyama, alikuwa na chumba kimoja Bukoto, nyuma ya duka la vifaranga. Mama mnene, miwani shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakuuliza kwanza habari ya pesa, na kwa hilo peke yake Atim alitaka kulia.

Alimpandisha Meja kwenye mizani ya magunia. "Kilo thelathini na nne. Kaa hapo, Meja. Mnasema huyu ana njaa?"

"Wanasema," Okwera alijibu.

"Shika hapa mbavu. Unazipata? Unazitafuta kwanza, eeh? Basi."

Akavaa kifaa cha kusikilizia, akakibana kichwa cha kifaa kwenye kifua cha mbwa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akaupitisha katikati ya miguu ya nyuma, ndani ya paja, akatulia. Alikaa hivyo muda mrefu. Nje vifaranga vililia. Kisha akaanza kugonga sakafu kwa kisigino cha kiatu. Tap, tap, tap. Akaacha. Tap.

"Mzee, lete mkono yako hapa pajani. Mimi nitasema moyo ukigonga, wewe uniambie kama umepokea."

Okwera akaweka vidole.

"Moja," dakitari akasema.

"Ndiyo."

"Mbili."

"Ndiyo."

"Tatu. Nne. Tano."

Okwera alikunja uso. "Dakitari, hapa kimya."

"Sita."

"Hiyo ndiyo."

"Umeona? Kifuani umepiga sita, kwenye paja zimefika tatu. Hizo tatu za katikati zimepigwa kabla moyo haujajaa damu. Ni kama mtu anapampu kisima haraka haraka, maji hayapandi." Akavua kifaa. "Huyu si kifafa, si sumu, si njaa. Mapigo ya moyo yamevurugika. Lakini vidole vyangu si karatasi. Bosi wenu ataniambia mimi ni mama wa vifaranga. Tunahitaji mashine ichore."

Mashine ya namna hiyo hakuwa nayo, lakini Mkongo mmoja, Valère, alikuwa nayo katika kliniki ya watu, milango minne kutoka pale. Aliwahi kumpimia mbuzi. Angekubali kesho saa saba, wagonjwa wakienda kula.

"Anaanguka wakati gani hasa?" dakitari akauliza wakiwa mlangoni.

Okwera alisema lango. Atim alisema, "Akisikia mfuniko."

"Mfuniko gani?"

"Wa sufuria yake."

Dakitari Nabangala akavaa miwani ili amwone vizuri. "Basi kesho uje nayo, nyabo. Na chakula ndani."

*

Kwa hiyo Jumamosi Atim alitembea Bukoto nzima na sufuria ya mapafu kichwani, nyuma ya mume na mbwa, jua la saa saba likiichemsha upya. Watu walikunja pua. Jumamosi ile hakutoa vipande viwili. Alivitazama, akavirudisha.

Valère alikuwa kijana mrefu mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi hadi linakata. Kitanda alikuwa amekitandikia mifuko ya plastiki, juu yake gunia.

"Mama, karibu. Usiogope, mashine yangu haina meno. Mwenye meno ni yeye."

Kwenye benchi alibaki mwanamke mzee mmoja mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, anangoja majibu ya malaria. Alimwona Meja akipandishwa kitandani, akasimama.

"Banange! Mbwa kwenye kitanda ya watu? Mimi nililala hapo asubuhi!"

"Mama, umelala kwenye shuka. Yeye iko na gunia yake."

"Na hiyo harufu?"

Hakuna aliyemjibu kuhusu harufu. Mama yule mzee akatoka nje akiwa ameziba pua kwa kitambaa, na wote wakasikia akiwaeleza watu wa barabarani.

"Lala," Okwera alisema kwa sauti ya polisi, na Meja akalala ubavu wa kulia, masikio yamesimama. Valère akampaka spiriti kwenye viwiko na magoti, akambana vibanio vinne, miguu minne. Mashine ikanguruma, karatasi ya waridi ikaanza kutoka.

Valère alitazama hatua mbili za karatasi, akashtuka. "Dakitari, huyu anaenda kufa! Ona, inakimbia, inapunguza, inakimbia. Haina mpango."

"Tulia. Hiyo ni pumzi. Mbwa akivuta hewa moyo unakimbia, akiitoa unapunguza. Mtu angekuwa hivyo sana ningeogopa. Kwa mbwa ni salama." Akaendelea kuvuta karatasi katikati ya vidole. Ilitoka safi, ncha nyembamba moja baada ya nyingine, kama meno ya msumeno mdogo. Hatua moja, mbili, tatu. Kila kitu sawa. Okwera akaanza kutoka jasho. Karatasi ya mbwa mzima ingemmaliza.

"Nyabo," dakitari akasema. "Mfuniko."

Atim alikuwa ameketi kwenye kona na sufuria kati ya magoti. Wiki nzima aliichukia sauti ile. Akauinua mfuniko, akaugonga.

Kang'.

Meja hakuinuka, Okwera alikuwa ameshamwekea kiganja shingoni, lakini mwili wote ulitetemeka kwa hamu, mate yakamwagika juu ya gunia. Na karatasi ikageuka. Kati ya zile ncha nyembamba ikachomoza moja pana, ya ajabu, kama kilima. Kisha nyembamba mbili. Kisha pana, pana, pana, pana, zimeshikana mikono bila nafasi, mashine inakwaruza. Dakitari alikuwa na vidole pajani. "Hakuna," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna. Hakuna." Kichwa cha Meja kikawa kizito mkononi mwa Okwera. Ufizi ukapauka.

"Meja," Okwera aliita. "Meja, afande."

Halafu ncha nyembamba moja. Nyingine. Kichwa kikainuka, mkia ukapiga gunia, na macho yakarudi pale pale yalipokuwa, kwenye sufuria.

"Mpe ale," dakitari Nabangala alisema, akakata karatasi. "Tumemshika."

Okwera alimtoa Meja nje akojoe. Ndipo Atim aliposogea karibu na meza. Valère alikuwa amegeuka anasugua vibanio.

"Dakitari. Kama mtu... kama kuna mtu alikuwa anapunguza kidogo. Vipande viwili. Mara mbili kwa wiki. Ingeweza kufanya hivi?"

Dakitari Nabangala aliacha kuandika. Alimtazama kuanzia kwenye ndara hadi kwenye nywele.

"Kina nani wanakula hivyo vipande?"

"Mtoto."

"Mbwa wa aina hii wengine wanazaliwa na moyo namna hii, mama. Hata ungepunguza nusu ya sufuria, usingechora vilima hivi." Akaendelea kuandika. "Mtoto, mpikie ive sana. Ile ya kichwa ina minyoo."

Okwera aliporudi, dakitari alieleza dawa. Vidonge vile vile vya kutuliza moyo wanavyomeza wazee wa presha. Nusu asubuhi, nusu jioni, ndani ya kipande cha nyama ili asivitafune. Haviponyi, vinautuliza moyo tu. Wasivikatishe ghafla hata siku moja, moyo utalipuka mbio. Asikimbizwe. Asifungwe juani. Na akianguka tena, mtu asithubutu kummiminia mafuta, amlaze tu ubavu na kumwacha.

"Na kazi?" Okwera aliuliza.

"Kazi ya kukamata watu imeisha, mzee. Anaweza kuishi. Kukamata, hapana."

Kabla hawajaondoka Valère alimletea Okwera ndoo ya maji na dawa ya kuulia vijidudu. Aliomba radhi sana, akasema mwenye kliniki akisikia ni yeye atakayefukuzwa. Okwera akapiga magoti akasugua kitanda, miguu ya kitanda, sakafu, hadi kizingiti. Yule mama mzee alirudi akasimama juu yake, akimwonyesha kwa kidole pale alipoacha.

*

Jumatatu saa tatu, Okinyi aliisoma karatasi ya dakitari, akaufungua ule mchoro wa waridi mezani, akauviringa tena. Okwera alikuwa amesimama. Atim alisimama nyuma yake, maana alikuwa amesema atakuja, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuomba ruhusa.

"Mzee, hii karatasi ni mbaya sana," Okinyi alisema.

"Ni mbaya kwa Meja. Kwangu inaonyesha sikuiba."

"Kaa kwanza."

"Nasimama."

"Sikiliza mimi. Mbwa wa njaa, namlisha siku tatu, namrudisha kwenye lango, mwenye ghala anaendelea kulipa. Mbwa wa moyo nani anamkodi? Hakuna. Mbwa akiwa hakuna, mshika mbwa wa nini?" Akavuta droo, akatoa karatasi nyingine, imeshapigwa chapa. "Mimi sitaki kukufukuza. Weka sahihi hapa. Unasema chakula kilikuwa kinapungua nyumbani kwako, umeonywa, haitarudia. Kesho unaanza kazi."

Okwera aliisoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza. "Hapa imeandikwa nimeiba."

"Imeandikwa kilipungua."

"Nimeapa mbele ya mtoto. Nyumba yangu haijaonja. Leo una karatasi ya dakitari, una mchoro, unajua ukweli, na unataka niandike mimi ni mwizi wa chakula cha mbwa?"

"Ndiyo."

Alilisema hivyo tu, ndiyo, kama anaitikia jina lake. Okwera akairudisha karatasi mezani. Atim aliona shingo ya mumewe imevimba mishipa, akajua kwamba sasa hivi atatamka neno la kuondoka, na litakuwa neno la haki, na kesho hawatakuwa na makaa. Tena haki yenyewe haikuwa nzima.

"Tulionja," Atim akasema.

Okwera hakugeuka.

"Mimi nilichukua. Vipande viwili, Jumatano na Jumamosi, tangu mwezi wa pili. Baba Docus hakujua. Ule uzi ulikuwa wa nyama." Maneno yalimtoka kwa sauti ndogo, moja moja. "Kama ni mwizi, ni mimi. Uniandike mimi."

Alitegemea Okinyi apige meza. Okinyi alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya hata, kilikuwa cha mtu aliyechoka.

"Mama Docus. Unafikiri sisi hatujui? Wake wote wanachukua. Mke wa Ocira anachukua nusu. Kwa nini unadhani mshahara wa mshika mbwa uko chini ya wa mlinzi wa kawaida? Wakubwa walikaa wakasema, hawa watakula kwenye sufuria, hakuna haja kuwaongeza. Imehesabiwa. Tangu kabla mzee hajaandikwa, imehesabiwa."

Feni ya ukutani ilizunguka, ikakwama, ikazunguka.

"Sasa kama ulijua," Atim alisema, "mdomo wa mtoto wangu uliunusia nini?"

"Ili leo mzee asinisumbue." Akafungua faili. Pale ndani, chini ya jina la Okwera, ile risiti iliyokunjwa ilikuwa imebanwa kwa pini. "Mimi pia nina mkubwa wangu. Anapenda kuona kitu."

Okwera bado hakugeuka kumtazama. Alikuwa anaitazama ile risiti.

"Na vidonge?" akauliza mwishowe.

"Vidonge vya nini?"

"Dakitari amesema kila siku. Kampuni itanunua?"

"Mzee. Mbwa mwenye njaa anameza vidonge vya nini?"

Okwera akachukua kalamu. Akaandika jina lake lote, kwa herufi za shule, akapiga mstari chini yake, akaweka tarehe.

*

Hakumsemesha Atim njia nzima. Kwenye duka la dawa aliweka mezani pesa iliyobaki ya viatu, akapewa vidonge thelathini, akavitia mfuko wa shati. Majirani walipouliza kumekuwaje, alisema kazi ipo. Wakampongeza.

Saa kumi na moja, jua likiwa bado juu ya mabati, Atim aliipua sufuria. Tangu Jumamosi walikuwa wamejifunza namna mpya ya kuifungua. Docus alimshika Meja kamba na kumsemesha mambo ya shule. Okwera akapitisha kitambaa chini ya mfuniko, akauinua kidogo kidogo, chuma kisiguse chuma, na wote watatu wakabana pumzi hadi ukalala chini juu ya kitambaa. Meja aliinua masikio, akayashusha. Hakuanguka.

Okwera akatoa kidonge, akakikata kwa kisu katikati, akachagua kipande cha nyama, akakipasua, akakificha nusu ndani. "Kaa," akasema. Meja akakaa, akameza bila kutafuna. Okwera akamwekea kiganja ubavuni akasubiri, akihesabu kimoyomoyo.

Kisha akaingia ndani akatoka na sahani. Ilikuwa ya Docus, ya bati, yenye ua jekundu. Akatumbukiza upawa ndani ya sufuria ya Meja, mbele ya nyumba, mbele ya milango yote iliyo wazi, akatoa nyama ya kichwa vipande viwili. Akaongeza cha tatu. Mlango wa pili mtu aliacha kuongea.

"Baba," Docus alisema, "yule mtu atakuja kuninusa tena."

"Kula, mwanangu. Imehesabiwa."

Mtoto akatazama mama yake, kisha akala. Okwera akatumbukiza upawa tena, akatoa kipande, akakishika kwa vidole, kinachuruzika, akamnyooshea Atim. Ndiyo mara ya kwanza kumtazama tangu asubuhi.

"Na wewe."

"Mimi sijawahi," Atim alisema.

"Najua. Nimekilipia kwa jina langu."

Kilikuwa na manyoya mawili upande mmoja na harufu ya mapafu. Atim akakipokea kwa mikono miwili, akakitia mdomoni. Kilikuwa kigumu. Alitafuna muda mrefu, Okwera akimtazama, mbwa akimtazama, majirani wakimtazama. Alipomeza, uzi mmoja ulibaki umenasa huko nyuma, kwenye magego, na ulimi wake ukaenda kuugusa, ukaurudia.

Kijiti kilikuwepo, na maji yalikuwepo. Aliuacha hapo hapo.